Sura ya Tano: Kazi ya Shabiki

Anayelipa kiingilio kwenda kutazama mieleka ya burudani huulizwa swali lilelile na kila mtu: kwani hujui kwamba wale wamepangana? Huulizwa kwa huruma, kama mtu mzima anavyomuuliza mtoto. Ninachotaka kuonyesha katika sura hii ni kwamba shabiki anajua. Alijua tangu anatoka nyumbani, na kujua huko ndiko kunakomwezesha kufanya kazi yake. Nasema kazi kwa makusudi. Katika onyesho dogo la mieleka, lile la kikundi cha mtaani kisicho na mkataba na runinga yoyote, watu waliozunguka ulingo wanalitengeneza pambano pamoja na wawili walio ndani. Wakinyamaza, pambano linakufa hata kama wapiganaji ni hodari. Na lipo jambo la pili, ambalo linaigusa Dodoma na Kanda ya Kati nzima: ustadi huo wa kushangilia, kuzomea na kutukana kwa mipaka si mgeni kwetu. Tulikuwa nao kabla runinga haijafika.

Mfano ulio karibu uko Uganda. Mwaka 2023, huko Mukono, mashariki ya Kampala, kijana anayejulikana kwa jina la Bumbash alianzisha kikundi cha Soft Ground Wrestling. Hawakuwa na fedha za ulingo wa kisasa, kwa hiyo nguzo zikawa mianzi na sakafu ikawa udongo. Vijana hubebana mabegani, hurushana, huangukiana matopeni, na video zao zimetazamwa mamilioni ya mara mitandaoni. Wengi waliozitazama walistaajabia uthubutu wa wapiganaji, na wanastahili sifa hiyo. Lakini mtu akiziangalia vizuri atawaona pia majirani na watoto waliosimama ukingoni, wengine wakiruka kabla mpiganaji hajaruka, wengine wakikimbia nyuma anapotupwa upande wao. Bumbash mwenyewe aliwahi kutangaza mieleka ya runinga kwa Kiganda, na hilo si jambo dogo. Kwetu pia mieleka ya Marekani na filamu za kupigana ziliingia kupitia vibanda umiza, na waliozipa uhai walikuwa wasimulizi kama Lufufu, waliozigeuza kwa Kiswahili kwa sauti zao wenyewe, wakiongeza vitisho, utani na majina ya mitaa ya hapa. Aliyeifanya kazi hiyo anafahamu kwamba picha peke yake haitoshi. Msisimko hutengenezwa na sauti iliyo karibu na mtazamaji, na sauti iliyo karibu kuliko zote ni ya mtazamaji mwenzake.

Tuangalie pambano lenyewe linavyofanya kazi. Ulingo wa kawaida wa mieleka ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma, zikafunikwa godoro jembamba kisha turubai. Anayeanguka hukaza kidevu kifuani, akahakikisha mgongo na viganja vinagonga sakafu kwa wakati mmoja, ili uzito usambae na mbao zipige kelele kubwa. Mshindi hukubaliwa mapema, pamoja na matukio mawili matatu makubwa. Mengine yote wapiganaji huyapanga wakiwa ndani, wakinong'onezana wanapokabana kabali, na kigezo chao ni kelele za watu. Steringi, yaani mpiganaji anayependwa, akipigwa na watu wakaguna, ataendelea kupigwa mpaka mguno uwe hasira. Adui akianza kupendwa kuliko ilivyotarajiwa, mpangilio wa mwezi ujao unabadilika. Katika uwanja wa watu elfu hamsini sauti ya mmoja humezwa, na mwelekezaji wa kamera ndiye anayeamua nini kionekane. Katika uwanja wa watu mia mbili, mama aliyekaa mstari wa pili akimwambia adui kuwa bukta yake imepauka, adui anageuka na kumjibu, refa anaingilia, na nyuma ya mgongo wake steringi anapata nafasi ya kuinuka. Mama yule ameandika sehemu ya pambano. Hiyo ndiyo tofauti kati ya onyesho la mtaani na lile la runinga, na ndiyo sababu naona la mtaani ni bora kwa mpenzi wa kweli, hata likiwa na taa mbili tu na viti vya kukodi.

Ushahidi kwamba Watanzania wako tayari kulipia kazi ya namna hii tunao kwenye ngumi. Karim Mandonga hakuwa bondia bora nchini, na mashabiki wake hawakudai hivyo. Julai 2022 alipoteza pambano lake na Shaban Kaoneka huko Songea, na umaarufu wake ukapanda badala ya kushuka. Watu walikuwa wakifuata tambo zake, majina aliyozipa ngumi zake, na namna alivyoahidi balaa huku kila mtu akikumbuka matokeo yaliyopita. Januari 2023 alikwenda Nairobi, ukumbi wa KICC, akiitangaza ngumi aliyoiita Sugunyo, akamshinda Daniel Wanyonyi, na nchi nzima ikafurahi kama ndugu aliyefaulu mtihani. Mandonga alipigana ngumi halisi, zenye matokeo yasiyopangwa, na simchanganyi na wanamieleka. Ninachochukua kwake ni tabia ya mashabiki. Walilipa kiingilio wakijua anaweza kupigwa, wakashiriki tambo kwa moyo wote, na hakuna aliyeona kwamba kushangilia majigambo yasiyothibitishwa ni upumbavu. Kipaji hicho cha kushikilia mambo mawili kwa pamoja, kujua na kusisimka, ndicho mieleka inachokihitaji.

Kipaji hicho kina historia. Tanzania ina utani, na Kanda ya Kati ni mojawapo ya njia panda zake kubwa. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilivuka Ugogo, ikalipa hongo kwa watemi ili ipite na kupata maji, ikapumzika, ikagombana, ikapatana. Katika safari hizo na katika vita vya nyakati hizo ndimo utani mwingi wa makabila yetu ulimokomaa. Mgogo na Mnyamwezi, Mgogo na Mhehe, wanaweza kutupiana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema atafikishwa kwa mjumbe. Mtani anaweza kuja msibani na kudai ng'ombe wa marehemu, akajilaza kaburini, akachekesha waliokuwa wanalia. Kila aliyepo anajua si kweli, na kila aliyepo anajua anachotakiwa kujibu. Anayekasirika ndiye aliyevunja kanuni. Tazama sasa adui wa mieleka anaposimama katikati ya ulingo na kuutukana mji mzima uliomlipa. Anahitaji umati unaoelewa kwamba matusi haya yana mipaka, na unaoweza kumrudishia kwa ukali uleule bila kurusha jiwe. Kuna nchi ambazo mapromota wa zamani walilazimika kuwasindikiza maadui wa mieleka kwa polisi, kwa sababu watazamaji waliwavamia kweli. Mtu aliyelelewa kwenye utani ameshafundishwa pa kusimama. Hata mpira wetu tumeuwekea sheria hiyo: Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 tunawaita watani wa jadi, na kwa jina hilo tumeshasema kwamba uadui wao unachezwa.

Ngoma nazo zinathibitisha upande wa pili wa hoja, kwamba mtazamaji ana mamlaka. Usukumani, kaskazini-magharibi ya uwanda huu, mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu hufanyika baada ya mavuno. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Umati hupiga kura kwa miguu. Ndiyo maana viongozi wa ngoma hizo, tangu enzi za Ngika na Gumha walioyaanzisha makundi hayo, wamekuwa wakitafuta kila mbinu ya mvuto: nyoka, fisi wa kufugwa, vinyago, nyimbo za kejeli, na dawa. Sikumbuki mchezo mwingine duniani unaokiri waziwazi namna hii kwamba mshindi ni zao la watazamaji. Kwa Wagogo hali ni ya utulivu zaidi lakini msingi ni uleule. Katika muheme, ngoma wanayopiga wanawake, na katika nyimbo zinazosikika kila mwaka Chamwino kwenye Tamasha la Muziki wa Cigogo, duara la watu ni sehemu ya muziki. Wanaitikia, wanapiga vigelegele, wanaingia na kutoka. Mwanamuziki Hukwe Zawose aliipeleka sauti ya Ugogo kwenye majukwaa ya Ulaya, mbele ya watu waliokaa kimya vitini, na muziki ulibaki mzuri. Lakini kimya kile hakikuwa cha huku.

Anayetaka mfano wa kupigana kwenyewe, kwa makubaliano na mbele ya umma, asafiri hadi Makunduchi, kusini ya Unguja, mwezi Julai wakati wa Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa mashina ya migomba. Silaha imechaguliwa ili iume bila kuua, siku imepangwa, mahali panajulikana, na wanawake huzunguka wakiimba. Aliye na kinyongo cha mwaka mzima hupata nafasi ya kukitoa, kisha watu hula pamoja. Je, pambano hilo ni la kweli au la kuigiza? Wenyeji wa Makunduchi hawajaona haja ya kuchagua, nami naona wana haki. Maumivu ni ya kweli, hasira huenda ikawa ya kweli, na mpaka uliowekwa kuizunguka ni wa kubuni. Mieleka iko palepale. Mgongo unaogonga mbao unauma hata kama aliyeurusha alikuwa ameombwa aurushe.

Kuna sababu ya kulizungumza hili kwa Dodoma na kwa wakati huu. Serikali iliamua mwaka 1973 kuhamia hapa, uhamisho wenyewe ukaanza kwa nguvu mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 410,956 katika wilaya ya mjini. Ya mwaka 2022 ikawakuta 765,179. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kilichoanzishwa mwaka 2007, huleta maelfu ya vijana kila mwaka, na tangu 2024 treni ya SGR inamshusha mtu kutoka Dar es Salaam kwa saa chache. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya watu wa jiji hili wameongezeka ndani ya miaka kumi, na mtumishi wa serikali wa Mtumba, mwanafunzi wa UDOM na muuza mahindi wa Chang'ombe wanakutana kwenye daladala na foleni ya benki tu. Mpira unasaidia, lakini uwanja wa Jamhuri siku ya mechi kubwa hugawanya watu kwa jezi walizokuja nazo. Onyesho la mieleka huwapa wote adui mmoja kwa saa mbili, adui asiye na kabila wala chama, ambaye kazi yake ni kuchukiwa. Misafara ile ya wapagazi ilikuwa na tatizo hilohilo la watu wasiojuana waliolazimika kuishi karibu, na jibu walilopata lilikuwa utani. Hata hali ya hewa inaunga mkono maonyesho ya uwanja wa wazi. Mvua zetu, kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na kuanzia Juni mavuno yamekwisha na anga ni kavu. Ulingo wa udongo laini kama wa Mukono ungekauka na kuwa jiwe huku, lakini mchanga wa makorongo na maranda ya mafundi seremala vipo kwa wingi.

Sasa pingamizi. Lililo zito ni la mchongo. Mashabiki wa ngumi na mpira nchini wamechoshwa na upangaji wa matokeo, na mtu akisikia pambano lililokubaliwa mshindi mapema, anakumbuka jinsi alivyoibiwa. Hasira hiyo ni halali. Lakini uovu wa mchongo uko wapi? Uko kwenye kuuziwa kitu kimoja na kupewa kingine. Aliyenunua tiketi ya ngumi alinunua mashaka ya kweli, akapewa maigizo. Aliyenunua tiketi ya mieleka alinunua maigizo yenye miili halisi, na akayapata. Historia ya Marekani inatupa jaribio zuri la hoja hii. Mwaka 1989 kampuni iliyokuwa ikiitwa WWF ilieleza wazi mbele ya seneti ya jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani na si shindano. Kama mashabiki wangekuwa wamedanganywa, siku hiyo wangeondoka. Hawakuondoka; mwishoni mwa miaka ya 1990 mieleka hiyo ilikuwa na watazamaji wengi sana. Hakukuwa na siri ya kufichua. Kutokana na hilo linafuata sharti moja ambalo sitaki lilegezwe: mieleka ya namna hii isiwekwe kamwe kwenye mikeka. Siku kampuni ya kubeti itakapochukua dau juu ya mshindi ambaye watu watano wanamjua tangu asubuhi, mchongo utakuwa umerudi kwa mlango wa mbele, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ina wajibu wa kuufunga.

Pingamizi la ugeni halinichukui muda mrefu. Ndiyo, mikanda, bukta na majina ya kutisha vimetoka Marekani. Kinshasa walivichukua miaka mingi iliyopita na kuvigeuza kuwa katch yao wenyewe, yenye wapiganaji kama Edingwe wanaoingia ulingoni na hirizi na kuwalaza wapinzani kwa uchawi mbele ya umati unaopiga ngoma. Wakongo hawakuomba ruhusa, na hakuna anayeitazama katch leo akadhani ni ya Florida. Nyanda zetu nazo zina zeze, marimba na lugha ya utani ya kutosha kumtengeneza adui anayeeleweka Kongwa na Manyoni.

Linalonisumbua kwa dhati ni pingamizi la tatu: watoto wataiga, na wapiganaji wataumia. Kuhusu watoto, hatari ipo, na jibu ni kuwaonyesha kazi ilivyo. Runinga huficha mazoezi. Kikundi cha mtaani hufanya mazoezi mahali watoto wanapopita, na mtoto aliyeona kijana akirudia kuanguka mara mia kwenye mchanga, chini ya macho ya mwalimu, amejifunza kwamba jambo hili lina ufundi na si la kujaribu juu ya saruji ya shule. Kuhusu wapiganaji siwezi kusema kwa wepesi. Tarehe 23 Mei 1999, mjini Kansas City, mwanamieleka wa WWF, Owen Hart, alianguka kutoka juu alipokuwa akishushwa kwa waya kuingia ulingoni, akafa. Onyesho liliendelea usiku uleule. Huko nyuma New Jersey, kauli ile ya 1989 ilikuwa na lengo la kibiashara: kampuni ikiwa ya burudani, tume ya michezo ya jimbo haiisimamii, na masharti yake ya madaktari hayaigusi. Kwa hiyo ukweli kwamba pambano limepangwa ulitumiwa kumvua mpiganaji ulinzi, na hilo linaweza kutokea hapa kwa urahisi zaidi. Ngumi za kulipwa zina kamisheni yake. Michezo ina Baraza la Michezo la Taifa (BMT) kwa sheria ya mwaka 1967, na sanaa ina Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) kwa sheria ya mwaka 1984. Mieleka ya burudani ni vyote viwili, na kitu cha wawili mara nyingi hukosa wa kukilea: afisa wa michezo atasema ni maigizo, wa sanaa atasema ni ngumi, na kijana aliyevunjika shingo atabebwa kwa bodaboda.

Shabiki ana sehemu yake hapa pia, kwa sababu kama kweli anatengeneza pambano basi anabeba sehemu ya dhamana yake. Kelele zake ndizo zinazomshawishi kijana apande nguzo ya juu zaidi kuliko wiki iliyopita. Katika mieleka ya kimataifa refa akikunja mikono juu ya kichwa kwa umbo la X, anawaambia waliopo kwamba kuumia huku si kwa kuigiza, na wajuzi hunyamaza hapohapo. Ishara hiyo inapaswa kutangazwa kabla ya pambano la kwanza, kwa Kiswahili, kwenye kipaza sauti, ili hata anayekuja mara ya kwanza ajue mahali mchezo unapokoma. Kikundi kisajiliwe kote kuwili, BMT na BASATA, bila kusubiri vyombo hivyo viamue ni cha nani. Sehemu ya kiingilio iandikwe kwenye tiketi kuwa ni ya bima ya wapiganaji na ya mganga atakayekaa pembeni ya ulingo mpaka mwisho. Na mtu aliyelipa, akifika uwanjani asimwone mganga wala gari la kumbeba majeruhi, adai kurudishiwa fedha yake mlangoni kabla ya kengele ya kwanza kugongwa, adai kwa sauti ileile ambayo angemzomea adui.